Matangazo ya Filamu Isiyokuwepo

Butembo, tarehe 10 Septemba 2001

Kwa Ndugu yangu mpendwa Benoît,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na Mama Jeannine, pamoja na wote wanaolala chini ya paa lako huko Beni. Je, mnaendeleaje na afya? Na kahawa yako ya Mangina, imepona ule ugonjwa wa kukausha matawi? Mimi ningali mzima, namshukuru Mungu, ingawa tangu marehemu mke wangu Simone aniache nyumba imekuwa kubwa kuliko inavyonifaa. Uniwie radhi kwa kukaa miezi minne bila kukuandikia. Anayekuletea barua hii ni Kanyere, muuza vitunguu. Amevuka vizuizi vya askari mara nyingi na hajapoteza hata karatasi moja.

Nyumba, nilisema, ni kubwa. Basi imejazwa. Mjukuu wangu Mariette anasomea mambo ya filamu katika institut, yaani chuo kimoja cha hapa, na yeye na mwenzake Jéthro, kijana asiyejua kunyamaza, wamepewa na mwalimu wao kazi ya kutengeneza bande-annonce, yaani kipande cha dakika mbili cha kuwatamanisha watu waje kutazama filamu. Niliomba kwa adabu nionyeshwe hiyo filamu. Wakaniambia haipo. Haijatengenezwa, na huenda isitengenezwe kamwe. Nikauliza tena, nikidhani masikio yangu ndiyo yamechoka. Jéthro akacheka: “Papa Mwalimu, film itakuya kisha. Bande-annonce kwanza!” Nikamjibu kwamba nimefundisha miaka thelathini na moja, na sijapata kusahihisha mtihani ambao mwanafunzi bado hajauandika. Mariette akatupatanisha. Alisema padri naye hutangaza ndoa Jumapili tatu kabla ya ndoa kuwapo, ili anayejua kizuizi aseme. Mimi sikuridhika.

Wamechagua habari ya zamani za Basimba, wale waasi wa mwaka wa 1964, hapa hapa Butembo. Wanaiita kazi yao utafiti. Mimi, unisamehe, naiita mateso. Shati lilikuwa la rangi gani? Mlango ulifungukia upande upi? Basimba waliimba wakiingia, ao waliimba wakitoka? Wamekata makartoni ya sabuni, wamechora juu yake picha kumi na mbili, wakazitundika kwa kamba ukumbini mwangu, hata mimi mwenye nyumba ninainama kama mwizi ninapokwenda kulala. Jéthro anataka mvua. Nilimwambia siku hiyo jua lilikuwa kali na vumbi lilijaa. Akasema jua haliogopeshi mutu.

Ilibidi pia waombe ruhusa kwa wakubwa wetu wa sasa, ambao nao ni waasi. Afisa aliyekuwa bironi, mgeni wa mkoa mwingine, alisoma ombi lao, akakunja uso, akauliza: “Film ya barebelles? Barebelles gani, bale ba zamani ao siye?” Kesho yake wakanipeleka mimi niwe ushahidi kwamba ni wale wa zamani. Nilisimama muda wa saa tatu, Ndugu yangu, ili kuthibitishwa kuwa mimi ni kitu cha kale. Afisa alinitazama kuanzia mvi hadi viatu, akapiga muhuri.

Lakini imenipasa sasa niseme jambo lililonifanya nichukue kalamu. Habari waliyoichagua ni yako. Ni habari ya karani wa serikali ya teritwari aliyefichwa ndani ya tanuru la matofali, nyuma ya mikaratusi ya misheni, na aliyetolewa humo akavunjwa mguu na kufungwa. Picha ya kumi na mbili inamwonyesha katekista Phinées akinyoosha kidole kuelekea tanuru, na chini yake wameandika: “Huyu ndiye aliyemuuza.” Mariette aliuliza wazee wote wa mtaa, na wote walimjibu jina hilo moja, kwa kuwa Phinées ndiye aliyekupelekea chakula na alionekana huko asubuhi ileile. Kipande hicho kitaonyeshwa Beni, katika ukumbi wa parokia, Jumapili tarehe 23. Virginie, binti wa Phinées, anakaa huko huko Beni, mtaa wa Beu. Yeye na watoto wake watakuwa wameketi humo.

Wiki nzima niliwagombeza wale vijana. Niligombeza mvua, niligombeza matope sakafuni, niligombeza makosa ya maandishi na bunduki iliyochorwa kama jembe. Siku ya Alhamisi Mariette akaniuliza mimi babu yake kwa sauti ya chini: “Koko, mbona picha zote unazipinga, ila ile ya kumi na mbili tu?”

Benoît, si Phinées. Ni mimi.

Asubuhi ile Basimba watatu walinitoa darasani niwaonyeshe njia ya kivuko. Njia inapita karibu na tanuru. Unajua jinsi Mapadri walivyotulea: hatukupita mbele ya mlango wa mkubwa bila kuvua kofia. Wewe ulikuwa mkubwa wangu na msimamizi wa ndoa yangu, na kila jioni nilipokuja tanuruni kukunong’oneza habari nilivua kofia kwanza. Mkono ukapanda wenyewe. Nilivua kofia mbele ya rundo la matofali. Mmoja akacheka: “Mwalimu, unasalimia matofali?” Mwingine akasema labda ni wajomba zangu. Ningeweza kucheka pamoja nao. Ningeweza kusema najipepea, kuna joto. Nilisimama kimya, kofia mkononi. Ndipo yule wa tatu, ambaye hakucheka, akainama kuchungulia.

Kosa la mkono ningeweza kuliungama siku ya pili. Lakini ulipotoka kifungoni watu walikwisha kumtaja Phinées, na mimi, Mungu anihurumie, nilipumua. Miaka ishirini na miwili aliketi peke yake kwenye benchi lake kanisani, akiwafundisha katekisimu watoto wa watu wasiomwamkia. Hukwenda kumzika, na mimi nilikuandikia kwamba umefanya vema. Simone peke yake alijua. Kila Pasaka aliniuliza kama nimekwisha kusema, akafa akiwa bado anauliza.

Siku ya Ijumaa nilimwomba Mariette alete kamera, nikasema yote. Jéthro alisahau hata kuizima mashine. Wameitoa picha ya kumi na mbili, na mahali pake ni mimi, na jina langu kamili chini.

Kanyere amebeba barua mbili. Ile ya Virginie nimemwagiza aifikishe kwanza. Msamaha wako siuombi kwa karatasi. Nitakuja kuutafuta kwa miguu yangu, kama utaniruhusu kuingia uani pako. Ila jambo moja naliomba sasa, nikijua sina haki ya kuliomba. Nasikia kila Jumapili unapita mbele ya mlango wake ukienda Misa, na husimami. Tafadhali, kabla ya tarehe 23, simama.

Mungu awalinde nyote. Nisalimie Mama Jeannine, watoto na wajukuu, na majirani wanaonikumbuka. Virginie simtumii salamu kupitia kwako, umpelekee zako.

Mimi niliyekukosea,
Roger Maliro
mwalimu mstaafu