Kachagua Mwenyewe

Mgogoni, Pemba

Kwa dada yangu Khairat,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta mzima, umekula ukashiba, na bibi wa nyumba hiyo anakuacha ulale walau baada ya Isha. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, lakini ulimi wake haujapatwa na maradhi yoyote. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimeota ndevu, si nyingi, lakini ukirudi itabidi uniamkie.

Najua unashangaa kuniona nimeshika kalamu, mimi niliyeachana na skuli kidato cha pili hata bila kugombana nayo. Sababu ni kwamba sauti ninazokutumia kwenye simu Mama huzisikia zote, na wewe unazisikiliza umesimama jikoni kwa watu. Haya nataka uyasome umekaa. Barua anakuletea Asya wa Tumbe, anayerudi huko Maskati. Usimdadisi, hajui kilichomo. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya mbao, na kama umeifungua kwa kisu basi ujue ufundi wangu unaendelea vizuri.

Nianze na sifa zangu, maana mbele zitaniishia.

Nilikwambia habari za Mwalimu Mwanawema, yule wa Unguja aliyefungua skuli ya maandalizi kwenye banda la Mzee Othman. Kasomea mtindo ambao mtoto hapigiwi kelele wala haitikishwi pamoja na wenziwe kama chuoni kwa Kurani. Vifaa vinapangwa kwenye rafu za chini, mtoto anakwenda mwenyewe, anachagua, anatandika kijamvi chake, anashughulika mpaka atosheke, kisha anarudisha alipotoa. Mwalimu anatazama tu. Nilimwambia kuwa kazi ya kutazama hata mimi naiweza, akacheka, halafu akacheka tena ninavyosema nkono badala ya mkono.

Lakini kwa mwanao Ridha hakucheka. Mtoto yule masikio yake mazito, chuoni alikuwa anafungua na kufunga mdomo tu ili asichapwe, na njiani wanamwita bubu. Pale hakuna aliyemtaka aitikie. Nilikuwa nampeleka kwa baiskeli na kubaki mlangoni nikitoa maoni, mpaka mwalimu akaona bora aniingize ndani nifanye la maana. Nikamchongea trei. Nikambandikia herufi za msasa juu ya vibao, zile ambazo mtoto anapitisha kidole juu yake akili ijue herufi inakwendaje. Ridha alikuwa anaipapasa R mpaka ncha ya kidole inakuwa nyekundu. Nikisema mwanao alikuwa anajifunza kuandika jina lake, sikutilii chumvi, na unajua mimi chumvi ninayo.

Tabu ilikuja na mchele. Mtindo ule unataka mtoto amimine mchele kutoka jagi moja kwenda jengine, achague punje kwa vidole, ili mkono uwe tayari kwa kalamu. Watoto wetu wakakaa mikono mapajani, wanautazama. Mwalimu akasema hawajakuwa tayari. Nikamwambia wako tayari kuliko yeye, ila huku mtoto akichezea chakula anazabwa, na akishazabwa anaambiwa kila punje itamshitaki kwa Mungu. Mama mwenyewe alisimama pale mlangoni akasema hakumleta mjukuu wake kufundishwa kufuru. Basi mwalimu akaniuliza tuwape nini. Na hapo, dada, nduguyo aling'ara. Nikamwambia awape karafuu.

Karafuu kavu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, vichanganywe kwenye trei, watoto watenganishe. Nani wa Mgogoni hakuzaliwa akamkuta bibi yake anachambua karafuu? Kesho yake banda zima lilinyamaza, vidole tu vinakwenda. Mwalimu akawaambia wageni waliotoka Wete kuwa mtindo ndio unaotakiwa uwafuate watoto, si watoto waufuate mtindo, na kwamba wazo lilitoka kwangu. Nilitembea kifua mbele hadi Mama akaniuliza kama nina kibiongo cha kinyume.

Sasa sikiliza neno lililotumaliza. Katika mtindo ule hawasemi mtoto anacheza. Wanasema anafanya kazi. Mwalimu aliwaita wazee, akawaeleza kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi kuwa mtoto kwake si mchezaji, ni mfanyakazi, na kazi yake aheshimiwe asikatizwe. Kina mama walifurahi, maana walikuwa wanaona haya watoto wao kushinda wanacheza. Mzee Othman alikuwa kakaa nyuma, kidevu juu ya bakora. Akaomba arudiwe hilo la kazi. Akarudiwa. Akasema ahsante sana.

Msimu wa karafuu ulipoingia, tulifika asubuhi tukakuta magunia ndani ya banda. Karafuu mbichi, zimetoka mtini, na vikonyo vyake. Mwalimu akasema hizi si za skuli. Mzee Othman akamjibu kwa upole kabisa kuwa watu wa kuchambua mwaka huu ni haba, na yeye mwalimu kasema kwa kinywa chake kuwa watoto hawa ni wafanyakazi na kazi yao ni hii. Mwalimu akasema lakini mtoto achague. Mzee akasema naam, achague, nani kamlazimisha. Akamwaga gunia moja kwenye jamvi. Watoto wakalikimbilia wenyewe. Mzee akamgeukia mwalimu, akamwambia unaona, wamechagua. Na banda ni lake, na mwalimu hana pengine pa kwenda. Trei za herufi zikapandishwa rafu ya juu ili majamvi yapate nafasi.

Na mwanao ndiye wa kwanza wa wote. Mkono wake mmoja unashika kichala, mwengine unapita, chini zinabaki karafuu tupu. Hasikii makelele, basi hana la kumkatiza. Mzee Othman akamwita fundi. Sasa mtaa mzima unamwita fundi, hata wale waliokuwa wanamwita bubu. Mama anapita naye sokoni kamshika mkono, kichwa juu. Nilipomwambia kuwa huku kukaa bila kusoma ndiko tulikomtoa, kuwa mtoto hajagusa herufi tangu mvua zikatike, alinijibu papo hapo. Alisema yeye kalea mtoto anayeitwa bubu mlango hadi mlango, leo anaitwa fundi, na mimi ninayejua kusoma nimepata jina gani.

Nilikwenda kwa Mzee Othman vilevile, unanijua. Nikamwambia, kwa adabu yangu ile ndogo, kuwa kama karafuu zake zinafundisha, awalete na wajukuu zake walioko skuli ya kulipia Wete, waje waelimike. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kijana, karafuu kwenye banda hili nani aliyezileta. Nikapanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani.

Ile picha niliyokutumia ya Ridha kainamisha kichwa, vidole havionekani kwa kasi, uliyomwonyesha bibi wa nyumba ukasema mwanangu anasoma skuli ya kisasa, ndiyo hiyo hiyo. Alikuwa anachambua karafuu za Mzee Othman. Mama alijua, na mimi niliyeipiga nilijua. Usiibandue ukutani, kapendeza. Lakini usiiite skuli.

Hayo siyo yaliyonitia kalamu mkononi. Hayo yangekusubiri. Lililonitia kalamu ni hili.

Wote wanasema kachagua mwenyewe. Mzee anasema, Mama anasema, mwalimu naye siku hizi anasema, kwa sauti inayoishia njiani. Nikataka kuhakikisha. Nilikiteremsha kile kibao cha R, nikakileta nyumbani, nikakiweka kwenye mkeka, na pembeni nikaweka fungu la karafuu mbichi. Nikakaa mbele yake. Ridha akakitazama kibao, akanyoosha kidole, hajakigusa, akaniinulia macho. Mimi mjinga nikatabasamu. Akakichukua. Moyo wangu ukaruka, nikasema nimewashinda wote. Hapo Mama akatoka jikoni, akasimama juu yetu na upawa wake. Ridha akamtazama yeye. Akakiweka kibao chini taratibu, kama anarudisha kwenye rafu, akaanza kuchambua.

Mama alipoondoka nikajaribu tena. Safari hii niliukaza uso, sikucheka wala sikununa. Ridha akanitazama. Akasubiri. Akainamisha kichwa anitazame kutoka chini, labda uso uko huko. Mwisho akaweka mikono mapajani, akakaa.

Hajapata kuchagua kitu, Khairat. Hata ile R hakuichagua. Aliona mimi nimeipenda. Masikio yakiwa mazito mtoto anasikiliza kwa macho, na sisi sote tulikuwa tunamwambia la kufanya huku tunaapa kuwa hatujafungua mdomo. Mtindo mzima umejengwa juu ya mtoto achague na mwalimu atazame, na hakuna aliyejua kuwa kwa mtoto huyu kutazamwa ndiko kuamrishwa.

Basi nakuomba, mimi nisiyekuomba kitu ila jezi. Likizo uliyotaka kumwachia bibi wa nyumba apate mtu wakati wa Idi, usimwachie. Njoo. Mwalimu hawezi, Mama hawezi, na mimi uso wangu keshauhifadhi. Umebaki wewe. Ulimwacha hajajua kutembea, na kwenye simu anaona nusu ya paji lako na feni ya darini, kisha mtandao unakatika. Wewe ndiye mtu pekee katika familia hii ambaye uso wake hajui kuusoma. Najua neno hili litakuuma. Sikuliandika likupendeze. Kaa mbele yake kabla hajakuzoea, umuwekee vitu viwili, tuone mkono unakwenda wapi.

Mama anakusalimu sana, na anasema ule wanja uliomtumia mara iliyopita umekwisha. Mwalimu Mwanawema anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie bibi wa nyumba hiyo ukiona anastahili. Mungu akulinde na akurudishe salama.

Ningependa kuandika kuwa Ridha naye anakusalimu, ndivyo barua zinavyoisha. Jana nilimwonyesha picha yako, nikamuashiria aipungie mkono. Hakuitazama picha. Alinitazama mimi, akaona ninavyotaka, akapunga.

Mdogo wako,
Abdulnasir