Kikohozi cha Chumba Namba Saba

Shangazi Wanjugu,

Pokea salamu zangu, na tafadhali nijibu kabla mvua haijaanza, sababu utaiona mbele. Naitwa Owino, msomaji wa safu yako ya ushauri, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kaptembwo, Nakuru. Wazazi wangu waliishi Jinja, Uganda, miaka arobaini, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mpaka vumbi la pamba likamharibu kifua, akawa na kikohozi ambacho hata sokoni ungekijua, mara mbili kifupi kisha mluzi kama birika linalotaka kuchemka. Alifariki miaka sita iliyopita tukamzika kwake huko huko, mama akabaki peke yake na macho yanafifia, na kila nikimwambia aje Nakuru anakataa, eti hawezi kumwacha mzee, na kwamba kwetu mjane hasafiri safari ndefu bila kwenda kaburini kumwambia mumewe anakokwenda na atarudi lini.

Basi mwezi wa kwanza nilimfuata na, Shangazi, naona aibu kuandika, nikamwambia tunaenda Busia tu, hapo mpakani, kupimwa macho na jioni tutarudi, kwa hiyo hakumuaga mtu, hata leso yake ilibaki kwenye kamba. Tulipita Busia, na alipohisi baridi ya Kericho akaniuliza mara moja tu, "Owino, huku ni wapi?" Nikasema tumekaribia. Usiku tukaingia Nakuru.

Mila yetu hairuhusu mzazi kulala nyumba ya mwanawe, kwa hiyo nilimpangia chumba kwenye ploti hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga tunayoishi, sisi namba sita, yeye namba saba, ukuta ni mmoja. Wiki ya pili, saa kumi jioni, nikiwa nakunywa chai, nikasikia mama anaongea polepole, kisha kikohozi, mara mbili kifupi, halafu ule mluzi. Nilitoka mbio nikamkuta ameketi kitandani peke yake, vikombe viwili mezani, vyote vimenywewa. Nikamuuliza nani alikuwa hapa, akasema, "Baba yako. Amechoka, ametembea kutoka Jinja."

Nilidhani ni uzee. Lakini binti yangu Akeyo, ana miaka mitano na hajawahi kumwona babu yake, akimpelekea nyanya yake chakula anarudi kuomba sahani ya pili, eti ya babu, na kikohozi kile anakiiga pamoja na mluzi wake. Na keateka wetu, mtunzaji wa ploti, Kiprugut, ambaye hajui lolote la familia yetu, alinisimamisha langoni: "Boss, huyo mzee anaingianga kwa mathe wako, namba saba, mbona hukuniambia? Ako na matope kwa viatu, na hapa hakujanyesha tangu Krismasi."

Mke wangu Trizah ameapa kumchukua mtoto waende kwao Njoro. Lakini linaloniogopesha zaidi ni la Jumapili, mama alipofunga nguo zake kwenye shuka akaniambia bila hasira yoyote, "Usijisumbue tena na mimi. Baba yako amesema mvua ikianza atanichukua mwenyewe." Shangazi, nampenda mama yangu, sitaki kumzika, na mawingu tayari yamekaa juu ya mlima Menengai. Nimwite pasta aombee chumba, nimhamishie ploti nyingine, ama nifanyeje?

Owino, Kaptembwo


Owino,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliwasha taa ingawa ilikuwa mchana. Pole sana. Hukukosea kutaka mama asiyeona vizuri awe karibu nawe. Lakini umejaza ukurasa mzima na kikohozi, na ule uongo umeupa sentensi moja, na hapo ndipo nitakapokugombeza.

Mwanamke aliyekuzaa ulimbeba kama gunia la viazi. Hakuulizwa, hakuaga, na bado unashangaa mumewe amemfuata? Trizah akitoka asubuhi kwenda kupimwa macho asirudi miezi miwili, wewe ungeketi Kaptembwo ukinywa chai?

Sijui ni nani anayekohoa namba saba, na sitajifanya najua. Ningesema ni upweke wa mama na masikio yako yenye hatia, lakini Kiprugut hana hatia yoyote, na matope ameyaona kwa macho yake. Pasta mwite ukitaka, ila hawezi kuomba msamaha kwa niaba yako. Na usithubutu kumhamisha. Aliyeijua njia kutoka Jinja hatashindwa na ploti ya pili.

Leo saa kumi ingia kwa mama, keti, useme, "Nilikudanganya." Usiongeze sababu. Ukikuta vikombe ni viwili, sema kwa sauti ya kuwatosha wawili. Kisha wiki hii hii mrudishe Jinja, wewe mwenyewe, usimtume na mtu. Asimame kaburini aseme yake, nawe simama nyuma yake unyamaze. Baada ya hapo muulize anataka kuishi wapi, na jibu atakalotoa ulikubali, hata kama ni la kukuumiza. Akichagua kwake, tafuta mtu wa kukaa naye na uende kumwona mara kwa mara. Akichagua Nakuru, aage vizuri, achukue leso yake kwenye kamba, mje. Trizah mwache apumzike Njoro, usimlaumu.

Usingoje kumaliza milango ya wateja. Mama yako atarudi Jinja, Owino, hilo limeshaamuliwa. Kilichobaki ni kama atavuka mpaka ameshikwa mkono na wewe, au na baba yako.

Shangazi Wanjugu