Picha ya Baba Katika Kituo cha Wageni

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nyumba yangu imekuwa kama ya matanga na hakuna aliyekufa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ipogolo, na mwezi uliopita tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwenye hifadhi ya milimani, binti yangu Violet akiwa mmoja wao, na kabla ya kupanda kuona maporomoko wakatuingiza kituo cha wageni, kuna ramani, kuna mafuvu ya nyani, na ukuta mmoja una mitego ya nyaya na picha kubwa ya mwanamume amekaa chini, paa aliyekufa kawekewa mapajani, chini yake wameandika "Jangili, jina halifahamiki", na mama mshauri, yule ni baba yangu mzazi, amevaa sweta alilofumiwa na marehemu mama, uzi ukamwishia, mkono mmoja ukatoka wa rangi nyingine.

Violet akanivuta akasema, "Mama, si babu huyu?" Wenzake wakaanza kucheka, na mimi kwa aibu nikacheka nao, nikasema babu yake hajawahi kuchinja hata kuku, kisha nikawahubiria darasa zima kwamba watu kama huyu ndio waliotumalizia wanyama.

Nilipokuwa mdogo baba aliondoka mwaka mzima, akatuambia alikuwa Mufindi anachuma chai, kumbe, sasa naelewa, alikuwa kifungoni, na ninachokumbuka mimi ni kwamba kabla hajaondoka, njaa ilipokuwa kali kule kwetu Kilolo, mama alikuwa anatupikia nyama akisema ni mbuzi wa msibani, misiba yenyewe hatukuisikia, na mimi nilikuwa naomba niongezewe.

Sasa baba naishi naye, wanamwita mzee Vitus, miguu imekwisha nguvu, na lile sweta bado analo, analikunja analifanya mto, kwa hiyo nimemdanganya Violet kuhusu kitu anachokiona kila siku. Ameacha kumpelekea babu yake uji wa jioni na kumsomea Biblia, na juzi mzee akaniuliza, "Mwanangu, nimemkosea nini mjukuu wangu?" Nikamjibu ana mitihani. Mume wangu Adrian anasema ninyamaze, mzee siku zake zimebaki chache, na mimi nafikiria kuwaomba wale wa kituo waiondoe picha kimyakimya. Nifanye nini?

Mwalimu, Ipogolo

Kamwene, Mwalimu.

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama pale ulipocheka.

Unadhani Violet amemchukia babu yake. Mimi sidhani. Ameona kwamba mtu wa nyumbani akianikwa mbele za watu, anakanwa. Pengine anajiuliza zamu yake itakuwa lini.

Baba yako alivunja sheria na adhabu yake akaitumikia. Tusimpake mafuta, mlima haukuwa wake na wale paa hawakuwa wake. Ila wewe uliyeomba kuongezewa ndiye mtu wa mwisho wa kumhubiria.

Picha iache kwanza. Sura ni yake, yeye ndiye wa kusema waiondoe au waandike jina. Ukiiondoa kwa siri umemkana mara ya pili. Na Adrian mwambie, kama siku za mzee ni chache, hiyo ni sababu ya kufanya haraka. Barua za waliosubiri ninazo nyingi hapa, zote zimeandikwa baada ya mazishi.

Anza na mtoto. Mwambie ulidanganya, yule ni babu yake, uliona aibu, akusamehe. Usimwongezee hotuba, ulishahutubia vya kutosha.

Halafu leo jioni peleka uji mwenyewe, ukiwa na Violet. Kaa chini. Usimhoji mzee kama polisi. Mwambie umeiona picha, ulimkana, na ile nyama uliila ikakukuza. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Akilia, mwache alie. Akigeukia ukutani, mwachie uji wake na kesho urudi.

Wala msisimame mlangoni mkitazamana nani aanze, uji utapoa. Aanze aliyecheka.