Palepale, Saa Ileile

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mungu alipokuwa anagawa migongo, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wengine wote, kuanzia hapa Mikumi mpaka Magole, walipewa miti ya fensi! Leo nimeweka kisigino nyuma ya shingo huku napiga mluzi. Mzungu mmoja kapiga picha. Form two niliishia njiani, sawa, lakini mwili wangu una digrii.

Kazi yangu hapa kambini ni kutandika mikeka ya yoga barazani. Mwalimu Salome ndiye anayefundisha wageni. Mimi hakunifundisha mtu – macho yangu tu. Kila alfajiri, kabla wageni hawajaamka, nakwenda zangu nyuma ya kamba za mashuka, pembeni ya kichuguu. Palepale, saa ileile, mikao ileile, mpaka ule wa mwisho, wa maiti. Unalala chali kama umekufa. Toka masika sijaruka siku. Hata malaria nilijikunja nayo.

Mwalimu goti limemvimba. Leo kafundisha amekaa kwenye kiti! Nikamwambia, mwalimu, hiyo siyo yoga, hicho ni kikao cha harusi. Akacheka. Akasema mwili wa leo siyo wa jana, anaupokea alivyoukuta, la muhimu amerudi tena. Maneno ya wenye magoti mabovu hayo. Mimi sibadiliki.

Jumatano, 4 Juni
Nina mwanafunzi! Debora wa jikoni. Kanibembeleza – haya, alisema tu nimfundishe, mgongo unamuuma kwa kuinamia masufuria. Mkao wa kwanza kaanguka kama gunia la mkaa. Eti, "Kaka Yared, huu mgongo wa kubebea ndoo, usiukunje kama chapati!" Nilicheka mpaka nikaanguka na mimi.

Nikampa sheria. Usiruke siku. Usihame. Ukihama mahali, mwili unasahau. Niliitunga hapohapo, lakini ilitoka kama ya kitabuni. Hakutania. Akaitikia kwa kichwa. Huyu dada akishika neno, kalishika.

Kitu kimoja. Tulipoinuka, nyasi za kushoto kwangu zilikuwa zimelala. Debora alikuwa kulia.

Ijumaa, 6 Juni
Debora leo hakuja. Wageni walikuwa wanaondoka mapema, yuko kwenye mayai. Nikafanya peke yangu, nikafika kwenye mkao wa maiti.

Nikasikia pumzi. Siyo yangu! Nikivuta, yenyewe inatoa. Taratibu, nzito, kama ya mtu aliyeshiba. Nikabana yangu. Ile ikaendelea kidogo – halafu nayo ikabana.

Kanga, wale wanaopiga kelele kila asubuhi mpaka unatamani kisu, kimya.

Nikafungua jicho moja. Hakuna kitu. Nyasi tu zimelala, urefu wa mtu. Umande kila mahali, pale pakavu. Nikaweka kiganja. Pana joto.

Sikukimbia. Nilitembea haraka, basi.

Jumapili, 8 Juni
Off. Nimepanda basi la Kilosa, nimekuja Masanze kwa bibi Yusta. Nimemkuta katoka kanisani, anachambua mboga. Shikamoo bibi. Marahaba, mbona umekonda? Mimi nimekonda! Huu mwili uliojengeka!

Nikamsimulia ile pumzi kama utani. Hakucheka. Akauliza tu, pale unapita njia ileile kila siku? Nikasema ndiyo bibi, ndiyo siri ya ufundi. Akaacha mboga. Akasema marehemu babu alipokuwa analinda mahindi, anakaa dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, kila siku alishukia upande mwingine. Mtoni alipitia kwingine. Walinzi wote wa mlimani walifanya hivyo. Kulinda unalinda kila siku, akasema, lakini njia unabadilisha. Mazoea yananuka.

Nikauliza yananuka kwa nani, mnyama gani? Akaangalia mlangoni. Hakutaja. Akasema, sasa hivi kinakuja baada yako. Siku ukikuta kimekutangulia, hama.

Nikamwambia bibi, unanitisha ili nisimalize sukari yako. Hakucheka hata hapo.

Jumanne, 10 Juni
Leo nilichelewa kidogo, nilikuwa natafuta ndala. Debora kafika kwanza. Namkuta kasimama anapaangalia mahali pangu. Nyasi zimelala. Mgongo, mabega, kichwa – umbo lote.

"Kaka, leo umeamka mapema! Pana joto bado. Ulienda kukojoa?"

Nikasema ndiyo. Mtaalamu hana usingizi!

Yale mabega nayajua. Ni ya kwangu.

Nilitandika pembeni. Mkao wa maiti sikuufanya, nilisingizia mbavu. Debora aliufanya. Alilala vizuri sana, uso umetulia, mpaka nikamwita mara mbili.

Jumatano, 11 Juni
Nimehama. Alfajiri nimekwenda barazani kwa Mwalimu Salome, nikavuta kiti. Kunyanyua mikono tu, kupumua tu – jamani, kumbe mtu unaweza kukaa kwenye kiti ukatoka jasho! Mwalimu akasema leo umekua, Yared. Nikavimba kichwa. Nikawaza, kumbe kubadilika nako nakuweza kuliko wote.

Kanga walikuwa wanapiga kelele vizuri. Halafu wakanyamaza.

Chai ya wageni haikuja. Herman, mlinzi wetu, akaja kuuliza Debora yuko wapi. Simu yake tukaisikia inaita jikoni, iko kwenye chaji. Nikawapeleka kichuguuni. Mkeka umetandikwa, umenyooka. Ndala zimepangwa pembeni. Nyasi zimelala mahali pawili, bega kwa bega. Damu hakuna. Nyayo hakuna, zaidi ya zake za kuja. Herman akainama, akagusa huku, akagusa kule. Akafuta kiganja kwenye suruali. Joto. Pote pawili.

Jua limeshapanda. Wanaita huko upande wa mlimani, Debora! Debora! Mwalimu naye kaenda, na goti lake. Mimi wamenituma maji, nimekaa kitandani naandika. Wakinyamaza kuita, nasikia kama kuna mtu anashusha pumzi nyuma ya ukuta. Labda ni mimi.

Herman aliniuliza kama nilijua anakwenda kule peke yake. Nikasema huyu dada mbishi, hasikii la mtu. Siyo mbishi. Jana jioni alikuwa anaosha masufuria, akaniuliza, "Kesho palepale, kaka?" Nilikuwa nimeshaamua kuhama. Ningesema naogopa, angenicheka mpaka Kilosa wakasikia.

Nikamjibu, palepale.