Pikipiki Isiyo na Sauti

Alhamisi, 5 Juni 2025

Siku ya tisa na pikipiki ya umeme. Bado sijaizoea. Ile ya petroli ilikuwa inajitangaza yenyewe. Hii inateleza tu! Nawapita watu mgongoni nasikia wanayosema. Leo barabara ya sokoni mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mume wake analia usingizini. Nilipita karibu mpaka nikanusa sabuni ya khanga yake. Hakugeuka.

Gerald, mwenyekiti wetu wa kijiwe cha bodaboda, anasema nipige honi kila penye watu. Nikamwambia nitauchosha mji mzima. Tukacheka.

Ukungu wa asubuhi wiki hii ni mzito mno. Baridi.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike ilivyokuwa. Nisipoandika nitaanza kuamini haikutokea.

Saa moja na nusu asubuhi. Ukungu – huoni duka la pili. Malori ya maharage kutoka Maretadu yamebana barabara, kila mtu anapiga honi. Nikaona nisichelewe. Nikapanda pembeni, njia ya waenda kwa miguu, mbele ya maduka, tena upande usio wangu. Taa nimezima, natunza chaji. Hedifoni sikio moja. Yote hayo ni mimi, Isidori. Hakuna aliyenituma.

Mgongo ukatokea. Shuka la bluu. Nikakwepa, lakini usukani ukampata nyongani. Akaanguka bila kupiga kelele.

Nikasimama hatua kama sita mbele. Mwanga wa duka ulimwangukia, nikamwona vizuri. Bibi mtu mzima, amekaa kwenye matope, anageuza kichwa huku na huku. Mimi nilikuwa gizani mwa ukungu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

Sikujibu.

Akauliza tena. Alikuwa ananitazama kabisa – na hanioni. Nikazungusha mkono wa usukani kidogo tu. Pikipiki ikaondoka kama haikuwahi kuwepo. Nyuma nikasikia watu wanakimbilia kumwinua.

Nimebeba abiria kumi na moja leo. Sikumbuki hata uso mmoja.

Jumamosi, 7 Juni

Habari imefika kijiweni. Ameileta Kornelia, muuza nyanya. Eti Bibi Restituta wa Endagikot ameangushwa sokoni na kitu kisicho na miguu. Hakuna kishindo, hakuna injini. Ubaridi tu mgongoni, halafu pigo.

Mwenzangu mmoja akasema hata shangazi yake juzi aliguswa begani pale pale, akageuka, hakuna mtu. Na mwingine tena, karibu na stendi.

Juzi. Stendi. Nilipita hapo.

Nilicheka kuliko wote. Gerald akanitazama kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Jumatatu, 9 Juni

Mungu wangu.

Leo alikuja dada mmoja kijiweni, anaitwa Juliana. Anataka wa kumpeleka duka la dawa, halafu Endagikot. Pikipiki tulikuwa saba. Akanichagua mimi. Anasema mama yake mgonjwa, akisikia mngurumo anashtuka na kulia, na hii yangu haina kelele.

Nilijua kabla hajamaliza.

Njiani akanieleza yote kwa utaratibu. Nyonga imepata ufa. Daktari amesema alale wiki nyingi, umri umeenda. Halali usiku. Mchana anabana mgongo ukutani ili chochote kisimjie kwa nyuma.

Tulipofika akaniomba nimsaidie kuingiza kiroba cha unga. Ningekataaje? Bibi alikuwa kitandani, mgongo ameubana ukutani. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba, baba." Kisha akamuuliza Juliana huyu mgeni amekuja na nini, mbona hakusikia mtu akifika uani?

Juliana akanitazama. Nikasema nimezima injini mbali. Injini!

Jumatano, 11 Juni

Sasa kina jina. Wanasema ni kazi ya Mzee Gidamis.

Ni jirani wa Bibi Restituta. Alihamia na ng'ombe wake kutoka tambarare za Hanang, mwaka wa nne sasa. Hasali kanisa lolote. Mwaka jana waligombania mpaka wa shamba, ng'ombe walikula mahindi ya bibi. Basi, imetosha. Kornelia anasema watu wa kwao wanajua kutuma vitu. Nikamuuliza nani alimwona akituma. Akasema kitu chenyewe hakionekani, utamwonaje mwenye nacho?

Nimepita sokoni na taa, napiga honi kila hatua tatu. Watu walisogea mbali sana, wakanifuata kwa macho. Akina mama wamewashika watoto mikono. Hakuna anayetembea peke yake tena upande ule wa maduka. Ukungu ukishuka, mtaa unakuwa mtupu.

Ni mimi wanayeniogopa. Nasimama katikati yao, wananiambia nijihadhari.

Ijumaa, 13 Juni

Wamebomoa zizi la Mzee Gidamis. Ng'ombe wawili hawajapatikana. Nilikwenda nikaona. Alikuwa anaokota miti mmoja mmoja anaipanga, mke wake amekaa na vyombo vimefungwa tayari. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Jumapili mchana kuna kikao uani kwa Bibi Restituta. Akishindwa kujieleza, ahame.

Nikamwambia Gerald. Yote – taa, hedifoni, na kwamba niliulizwa nikanyamaza. Akasema alihisi tangu Jumamosi. Kisha akasema ninyamaze vile vile. Watanipiga kwanza ndipo waulize, na kijiwe chote kitaonekana cha wauaji. Nikamwambia, je, yule mzee? Akasema mzee ana ng'ombe, ataishi kokote.

Sijala tangu asubuhi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa stoo ya mahindi kwa Bibi Restituta. Daftari lilikuwa kwenye koti. Saa kumi jioni.

Nimesema! Mbele ya watu kama sitini. Nilisimama nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Aliyemwangusha bibi ni mimi, kwa pikipiki." Nilitegemea mawe.

Hawakuniamini.

Wakasema Gidamis ndiye amenituma nije kumsafisha. Mzee mwenyewe akanitazama kama mwendawazimu. Bibi Restituta alikuwa ametolewa nje, amekaa kwenye kiti. Akasema kwa huruma kabisa, "Kijana, usijibebeshe. Pikipiki nazijua. Ingekuwa pikipiki ningesikia."

Nikasema hii haisikiki. Wakacheka. Juliana peke yake hakucheka. Akasema tujaribu. Wakamgeuza mama yake atazame shamba, njia ikawa mgongoni kwake. Wakaagiza watu wote wanyamaze. Bibi akaambiwa, ukisikia inapita, inua mkono.

Nikapita mara ya kwanza, kwa mbali. Mkono haukuinuka.

Nikarudi, karibu zaidi. Nilikuwa nasikia kuku wakichakura, na nasikia bibi akipumua. Watu walikuwa wamekaza macho. Mtu mmoja alijishika mdomo.

Mara ya tatu nilipita hatua moja nyuma yake. Pindo la shuka likatikisika. Ningenyoosha kidole ningemgusa shingo. Nikasimama mbele ya wazee.

Bibi akasema, "Mbona mnanichelewesha? Nyonga inaniuma. Mwambieni apite basi."

Mzee Gidamis akasimama taratibu, akaanza kuwatazama wale watu sitini, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemfikia alitazama chini.

Juliana akaenda kuinama mbele ya mama yake. Sikusikia alichosema. Nikaona mkono wa bibi unashika mkono wa kiti, halafu anaanza kugeuza shingo, polepole, kwa maumivu, kunitafuta.

Hapo ndipo waliponivuta huku. Wanasema ningoje mtendaji wa kata, ndiye atakayeamua kama ni polisi au ni wao. Ufunguo wa pikipiki anao Juliana. Nje wanabishana, wengine wanalia. Kuna anayesema nichomwe na pikipiki yangu. Kuna anayesema zizi la mzee lijengwe leo leo.

Mlango hawakuufunga. Nyuma ya stoo ni shamba, na ukungu umeanza kushuka kutoka upande wa Tlawi. Hakuna ambaye angeniona nikiondoka.

Nimekaa. Kuna mtu anakuja, anatembea kwa shida, anaburuta kitu kama kiti