Kilio ya Nekesa Sio ya Shetani

Kwa dada yangu mkubwa Nafula, huko Kabuchai.

Mulembe dada. Mulembe ingine ni ya hiyo goti yako yenye hulia mvua ikikaribia. Inaendelea aje? Na ile ng'ombe nyeusi imezaa ama bado inatudanganya? Sisi huku Kitale tuko wazima. Mimi mwenyewe niko mzima kabisa, namaliza ugali mpaka Nanjala ananiangalia vibaya. Nakuambia hivyo kwa sababu nimeskia huko nyumbani mlishaanza kukopa viti za matanga yangu. Rudisheni viti za watu.

Ningepiga simu, lakini wewe simu unaskia nusu, unaita Yesu, unakata. Kwa hivyo nimemkalisha bibi yangu Nanjala hapa mezani, yeye anashika kalamu, mimi nashika maneno. Si unajua mimi shule nilipitia nje nikifuata mbuzi. Nimemwambia aandike kila kitu venye nasema. Ameshakataa tusi moja.

Dada, nimekasirika. Simiyu mtoto wako amenipigia simu Jumatatu. Mimi, mjomba wake. Mimi khocha, ndugu ya mama yake, niliyemchinjia ndume akienda kutahiriwa, nikamvalisha ile nyama shingoni Kabuchai yote ikiona. Hata salamu hakunipa. Ati naficha msichana wake Nekesa kwa nyumba ya shetani. Ati Jumamosi anakuja kumchukua, asimame mbele ya kanisa aseme ameacha kuimba, na hiyo rekodi ameimba na vijana ichomwe. Ati wewe pia umekubali. Hapo ndipo nilimwaga chai.

Sasa wacha nikuambie venye ilikuwa, halafu ukasirike kwa kitu unajua.

Nekesa anakaa na sisi tangu apate kazi kwa duka ya mbegu na dawa ya mifugo hapa mjini. Ako na vijana watatu wenye wanapiga gitaa na ngoma, yeye ndiye anaimba mbele. Walikuwa wanafukuzwa kila mahali. Nikawaambia kujeni kwa posho mill yangu, Jumapili baada ya kanisa, siku yenye mashine imelala. Stima ya kuzungusha jiwe ya kusaga haiwezi shindwa na gitaa. Na majirani wamezoea kelele yangu, mimi nasaga mahindi ya Kitale kutoka wakati hawa vijana walikuwa hawajazaliwa, hakuna unga laini kupita yangu mpaka Naitiri, uliza mtu yeyote.

Muziki yao wanaita metali. Mimi nilidhani ni ya kugonga mabati. Hapana. Inaanza polepole, nzito, kama ng'ombe wanne wanavuta plau kwa matope. Unasema sasa nimeelewa, unaanza kutingisha kichwa, inageuka, inakimbia, inasimama, inarudi na mwendo ingine kabisa. Wimbo moja unaweza chambua maharagwe ya chakula ya jioni na haijaisha. Halafu juu ya hiyo uzito yote unaskia sauti ya Nekesa, safi, inapanda juu kama ya kwaya kwa misa ya wafu. Ndio, anavaa nguo nyeusi. Ndio, anapaka mdomo rangi nyeusi. Nilimuuliza kama amekula makaa, akacheka. Na wewe, dada, wakati bwana yako alituacha, ulivaa nyeusi mwaka mzima, kuna mtu alikuita shetani?

Huyo wa ngoma alikuwa anapotea njia kwa wimbo moja. Nikawasha mashine, nikamwambia skia mshipi ukizunguka, fuata huo. Akashika. Kwa hivyo hiyo albamu ikitoka, ujue ndugu yako ndiye fundi wa mwendo. Nanjala anasema nimeongeza chumvi. Andika, mama.

Sasa hiyo Jumapili yenye imepita. Nilikuwa na homa kidogo, majirani walijua, nikalala juu ya magunia kwa kona nikiwaskiza, Nanjala akanifunika gunia ingine. Wakafika kwa wimbo ya mwisho, yenye haijawekwa kwa rekodi. Katikati, stima ikapotea. Gitaa zote zikanyamaza. Lakini mtoto alikuwa amefunga macho, sauti iko juu, hakusimama. Akaendelea peke yake. Dada, huko nje mtaa mzima umetulia, stima hakuna, na kutoka kwa posho mill ya mzee mgonjwa inatoka sauti ya mwanamke analia. Wewe ungefikiria nini?

Ndio hiyo. Mama Chebet jirani yangu ndiye alifika wa kwanza, ametupa leso chini, nyuma yake wanawake na kuni kichwani, mwingine na sufuria kubwa. Wanaingia wananikuta nimelala chali, gunia mpaka kwa kidevu. Kilio yenye walipiga hapo, mimi mwenyewe nilianza kujionea huruma. Nikakaa. Nikawauliza kama kuna chai kwa hiyo sufuria. Mmoja alitoka na dirisha, na hiyo dirisha yangu hata paka inapita kwa shida. Na huyo ndiye tayari alikuwa amepiga simu huko kwenu. Kwa hivyo viti za matanga zimetoka hapo.

Kama ingeishia hapo ningecheka mpaka leo. Lakini Mama Chebet hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na Nekesa, anamwangalia. Akamuuliza:

"Sasa mtoto wangu, mzee hajafa. Wewe ulikuwa unalilia nani?"

"Mama yangu."

"Amekufa lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Na unamlilia leo?"

Nekesa akaangalia chini. Akasema, "Siku ya kumzika nilikatazwa."

Dada, mimi sikujua hiyo maneno. Siku ya kumzika Naliaka, mama yake, nilikuwa hospitali na mguu kwa plasta, na hakuna mtu kati yenu aliniambia. Nimeskia kwa posho mill, mbele ya wageni. Kwamba Simiyu alisema bibi yake ni mtu ameokoka, na mtu ameokoka haliliwi, wanaimba pambio na kupiga makofi. Kwamba mtoto alifungua mdomo kando ya kaburi, babake akamfunika na mkono. Na wewe, Nafula, wewe mwenye Kabuchai nzima walikuwa wanakuita mtu akianguka, wewe ulikuwa unasimama kwa mlango, wewe wa kwanza unaita jina ya marehemu, mpaka wanaume wanalowa macho, wewe ulivutwa mkono ukaketi kwa tenti. Ukanyamaza. Kwa sababu kijana ulizaa mwenyewe alikuambia ni ushenzi.

Nikisema nimekasirika unadhani natania kama siku zote. Sitanii. Mlifunga mtoto mdomo Kabuchai, sasa mnashangaa umefunguka Kitale.

Na unajua nani alimaliza hiyo kazi yenu? Mama Chebet, mtu hata si wa lugha yetu. Alimwambia Nekesa aanze tena. Bila stima, bila gitaa. Wale wanawake wakaketi juu ya magunia na wakalia na yeye, wakimlilia mtu hawakuwahi kumwona. Kuni zao wakaziacha hapo mlangoni, wakasema zilikuwa za matanga, zimefika. Kuni za wageni, Nafula. Za kwenu ziko wapi?

Kwa hivyo Simiyu asiniletee shetani. Shetani hana mama wa kulilia. Mimi nilimjibu kwa simu, nikamwambia mimi ni khocha wake na mlango wa posho mill ni yangu. Akitaka kuingia Jumamosi aingie kama mtoto wa dada yangu, aketi, askie albamu yote, polepole yake na mbio yake. Akikuja kubeba mtu, atanibeba mimi kwanza, na nimenona. Lakini mimi naweza tu kumzuia mlangoni. Mwenye anaweza kumwambia kitu ikaingia ni wewe.

Na kuna ingine. Hiyo wimbo ya mwisho bado haijaisha. Nekesa anafika mahali, anasimama. Vijana wanamwambia endelea, anasema hapo si pake. Nikamuuliza ni pa nani. Akaniambia mimi babu yake, "Kuka, hapo ndio jina inaitwa. Na jina inaanzwa na kukhu." Yaani wewe, nyanya yake. Alikuona ukifanya hivyo kwa maboma ya watu tangu akiwa mgongoni, na anangoja ufanye kwa mama yake. Vijana wa gitaa wameacha hapo nafasi tupu, wanaizunguka polepole, ng'ombe zinavuta plau, na juu hakuna mtu.

Nisalimie mdogo wetu Khisa, mwambie aache kulima miwa ya jirani na macho. Nisalimie mama wa duka hapo njia panda, na mke wa Khisa mwenye huniwekea ndizi. Mzee wa kanisa pia msalimie, mimi sina vita na yeye, anaimba vizuri kushinda mtoto wako. Simiyu mpe salamu ya khocha, hiyo tu, zingine nitampa mwenyewe. Nanjala anakusalimu na anasema atakupikia kuku, si hizi dawa zako za mboga chungu.

Usingoje Jumamosi. Kuja Ijumaa, kabla ya kijana wako. Beba leso. Naliaka amelala hapo miaka mitatu na hakuna mtu wa boma yake amemwita. Kuja umwite.

Mimi ndugu yako,
Wanyonyi wa posho mill, Kitale.