Mapafu Hayako Kwenye M

Jumatano. Julai imeamua kutukomoa. Tangu asubuhi jua halijatokea hata kuchungulia, na hapa mtaani Pipeline, ghorofa zilivyobanana, hata likitokea huwa halitufikii. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu. Nimejifunga shuka mabegani, chai iko pembeni, na moyo wangu bado uko darasani.

Wiki hii nawafundisha wanangu wa gredi ya tatu namna ya kupata jambo kwenye kitabu cha maarifa bila kukisoma chote. Yaliyomo yako mbele. Nyuma kuna faharasa, yenye maneno kwa mpangilio wa alfabeti na kurasa zake. Halafu kuna sherehe, yaani sehemu inayoeleza maneno magumu. Sijui nani aliipa jina hilo. Jumatatu niliwaambia wafungue nyuma ya kitabu watakuta sherehe, na darasa zima likafungua mbio mbio. Kisha sauti moja yenye uchungu wa kweli: "Ticha, na keki?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Leo niliwapa kitabu cha mwili wa binadamu, kila mmoja atafute kitu anachotaka kujua. Wengi walikimbilia kamasi na matako, kama nilivyotarajia. Nafula alikaa peke yake, kidole kikishuka kwenye herufi M: maji, mate, mdomo, moyo. Akarudi juu, akashuka tena. Ana miaka minane, ni kifungua mimba kwao, na si mtoto wa kuuliza maswali. Nilipomwona anakuja mezani kwangu nikajua kuna jambo.

"Ticha, hii kitabu haina mapafu."

Nusura nimwambie pole, tutatafuta kwenye kingine. Ndipo nikaona kosa, na nikalipenda, kwa sababu ni lugha yetu wenyewe iliyomtega. Faharasa imeandika vitu kimoja kimoja. Imeandika jicho, si macho. Imeandika jino, si meno. Lakini nani kati yetu amewahi kutaja pafu moja?

Kwa vile sote tulikuwa tunatetemeka kwa baridi, nikamfanyia utani. "Hilo neno limevaa sweta. Hebu tulivue ile 'ma', tuone limebaki nini."

"Pafu," akasema. Kisha macho yakamjaa machozi.

Nilidhani nimemwaibisha mbele ya wenzake. Kumbe ni ile sweta. Akanieleza huku akiangalia viatu vyake. Wiki jana mamake, ambaye hufanya vibarua kwenye kiwanda upande wa Mukuru, alimwachia mdogo wake, Baraka, wa miaka miwili. Nafula akashuka naye kucheza chini, akasahau kumvisha sweta. Jioni kifua cha Baraka kikaanza kulia kama filimbi, pumzi ikawa haitoshi, ikabidi akimbizwe kliniki. Sasa ni mzima, lakini daktari alisema ni mapafu. Na mama, kwa kihoro alichokuwa nacho, akamgeukia Nafula: "Ni wewe na hiyo sweta!"

Tangu siku hiyo mtoto huyu anakuja shule na mzigo huo, nami nimekuwa nikimwambia achangamke. Nilimkasirikia mamake kidogo, kisha hasira ikaisha. Mtu akimwona mwanawe anakosa pumzi, mdomo husema lolote.

Tukaenda kwenye herufi P. Tukapata pafu, tukafungua ukurasa. Kulikuwa na mchoro wenye mishale, na chini yake kisanduku kuhusu pumu, ule ugonjwa wa kifua kulia filimbi. Nilikipitia haraka kwa macho kabla yake. Vumbi, moshi na hewa baridi huamsha pumu.

Nikaweka kidole gumba juu ya neno baridi.

Naam, mimi huyu huyu, ninayewaimbia kila siku kwamba kisanduku husomwa chote.

"Ticha, toa kidole."

Nikatoa. Alisoma polepole, silabi kwa silabi. Alipofika kwenye baridi kidole chake kikasimama. Nilikuwa tayari kumkumbatia tu. Yeye akaendelea na sentensi mpaka mwisho, akairudia, kisha akauliza.

"Kuamsha ni kama kuamsha mtu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Basi ilikuwa imelala huko ndani. Sweta haikuiweka."

Nilimwambia tuhakikishe kwenye sherehe, na sherehe ikamuunga mkono: pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zinazobana upesi, na wengine huzaliwa nao. Akapumua kwa nguvu. Halafu akarudi kwenye kisanduku na kugonga neno moshi kwa kucha. "Jiko yetu ya makaa hukaa ndani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata kazi ya kufanya.

Kanuni yangu ni kwamba vitabu haviondoki darasani. Tunavyo vichache na mikono ni mingi. Leo nimeivunja. Nilikifunga kitabu kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya manyunyu, na kabla ya kumpa nikachana kipande cha karatasi ili niweke alama kwenye ukurasa wenyewe, mama asihangaike.

Nafula akanishika mkono.

"Usiweke, Ticha. Nataka mathe anione nikiitafuta mwenyewe."

Sasa giza linaingia na bado nawaza nyumba hiyo. Mama atakuwa anarudi kutoka kiwandani, miguu imevimba, na mlangoni atamkuta binti yake na kitabu. Ee Mungu, asiwe amechoka mno hata ashindwe kutazama.